Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kijiko Chetu na Trekta Linalokibeba

Ndugu wanachama,

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, tulinyoosha mikono tukakubaliana kununua kijiko cha kuchimbia, kile cha kufungwa nyuma ya trekta dogo. Tulikuwa na hamu ya mitaro: ya mabomba, ya misingi, ya kupitishia maji ya mvua. Mitaro imechimbwa, na waliosubiri zamu zao kwa uvumilivu nawashukuru. Hesabu za mapato na matumizi atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu, nalo ni namna kijiko hicho kilivyoshikana na trekta.

Kilikuja na pini za kukifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma, ileile tunayofungia plau na haro. Kukifunga ni kazi fupi, na urahisi huo ndio uliotuvutia, mimi nikiwa wa kwanza. Baadaye, tulipokuwa tukichimba mtaro wa bomba, ndoo ya kijiko, ile inayochota udongo, ilinasa chini ya mzizi mkubwa. Dereva, aliyekaa kwenye kijiko na kukipa mgongo kiti cha trekta, akavuta leva ili mkono wa kijiko uingie ndani. Mzizi haukusogea. Kilichosogea ni kijiko chenyewe: kikainuka na kumlalia dereva kuelekea kiti cha trekta. Alishtuka akaachia leva kwa wakati. Niliitwa, nikafika kabla hakijashushwa, nikapima nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa dereva na kiti cha trekta. Ngumi yangu haikupita.

Naomba tuelewe kwa nini ilitokea, maana dereva hakukosea. Mikono mitatu ya trekta imetengenezwa kubeba na kuvuta. Haidroliki yake, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa presha, inainua tu. Kinachoishusha ni uzito wa zana. Ikisukumwa kutoka chini, hakuna kinachoizuia kupanda. Plau haina shida na hilo kwa sababu inavutwa. Kijiko ni habari nyingine. Ndoo inapokandamiza ardhi ngumu na ardhi ikakataa, nguvu yote inarudi kwa kijiko, na njia pekee iliyo wazi ni ya juu, alipokaa mtu.

Fundi alipokagua trekta baada ya siku ile alikuta ufa kwenye kipande kinachoshika mkono wa juu kati ya ile mitatu. Kipande kimebadilishwa. Lakini alinionyesha jambo lililonitia hofu zaidi. Trekta dogo kama letu halina chasisi ya vyuma viwili virefu kama lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimefungwa kwa bolti zikawa uti wa mgongo wa trekta, na uti huo ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo hakipindi kikatuonya. Kinapasuka. Kikipasuka, trekta linatenganishwa vipande viwili kabla fundi hajafika penye tatizo.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni fremu ya chini. Fremu hii inapita tumboni mwa trekta, kutoka ekseli ya nyuma hadi pale loda ya mbele, ile ya kusukuma na kubeba udongo, ilipofungwa, na kijiko kinakaa juu yake kwa pini kisiweze kuinuka. Nguvu ya kuchimba inagawanyika mwili mzima wa trekta badala ya kubebwa na kipande kimoja kidogo. Iwe fremu iliyotengenezwa kwa modeli ya trekta letu. Naomba asitokee mtu wa kujitolea kuichomelea nyumbani, hata kama ni hodari wa kuchomelea; matundu ya bolti na unene wa chuma si vya kukisia.

Najua wapo walioleta ombi la ndoo pana ya sentimita 60, wakisema hii ya sentimita 30 inachosha. Nimelisoma ombi hilo kwa heshima na bado sikubaliani nalo. Nguvu ya kijiko haiongezeki kwa kubadilisha ndoo. Nguvu ileile inagawanywa kwa meno mengi zaidi, na kwenye udongo mgumu ndoo pana itakwaruza mahali ambapo nyembamba ingezama. Halafu kuna uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani 2, na kila kilo tunayoiongeza kwenye ndoo inaning'inia ncha ya mkono, mbali kabisa na trekta. Fremu kwanza. Ndoo pana tutaizungumza mwakani, na kwa udongo laini tu.

Wengine wamesema tuuze kijiko tukodi ekskaveta ndogo, mashine kamili ya kuchimba, kila tunapoihitaji. Hoja yao ina uzito. Ekskaveta inazunguka mduara mzima, inachimba haraka, na mtu mwenye kazi ya kuchimba kila siku hakuna haja ya kubishana naye. Sisi tunachimba siku chache, tena mahali palipotawanyika. Trekta linakwenda lenyewe kwa matairi yake, halihitaji trela ya kulibeba, na loda ya mbele inafukia mtaro uleule uliochimbwa nyuma. Mimi bado nasimama upande wa kijiko, kikiwa kimefungwa inavyopaswa.

Sasa grisi. Hapa sina maneno matamu. Pini za kijiko zinahitaji grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, na kila nipeli, yaani kitundu cha kuingizia grisi, ina zamu yake, hata zile zilizojificha chini ya mguu wa dereva. Nimepitia daftari la matumizi. Kuna majuma ambayo kijiko kilitoka kila siku na safu ya grisi haina hata alama moja. Kila aliyekichukua alidhani aliyemtangulia amepiga. Matokeo yake, bushi, yaani kikombe cha chuma kinachoizunguka pini inayogeuza mkono kushoto na kulia, imelika, na tundu limeanza kuwa la yai. Likifika hapo grisi haisaidii tena. Ubaya huo uliongezwa na tabia ya kutumia ubavu wa ndoo kufagia udongo kurudi mtaroni. Mkono ule umejengwa kuvuta kuelekea kwa dereva. Kusukumwa ubavuni kunaupinda na kuzila pini. Kufukia ni kazi ya loda.

Kuanzia sasa kijiko kitakuwa na mtunzaji mmoja, na hakitatoka mikononi mwake mpaka safu ya mwisho ya daftari iwe imejazwa na bomba la grisi limeonekana likitumika.

Kuhusu hosi, yaani mipira inayopitisha mafuta ya haidroliki, nitasimulia kwa kifupi. Kijana wetu mmoja aliona ukungu wa mafuta karibu na silinda, akanyoosha kiganja atafute tundu lilipo. Mzee aliyekuwa karibu alimkamata mkono. Namshukuru mzee yule mbele yenu nyote. Haidroliki ya trekta dogo inafika takriban bar 170, zaidi ya mara 70 ya upepo wa tairi la gari dogo. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano yanapenya ngozi. Jeraha linaonekana kama chomo la mwiba, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaweza kulala nalo akidhani litapona, kumbe anahitaji upasuaji siku hiyohiyo asije akapoteza mkono. Uvujaji unatafutwa kwa kipande cha boksi, injini ikizimwa kabla ya kugusa chochote na leva zikichezwa ili kutoa presha iliyobaki.

Jambo la mwisho kuhusu usalama: kijiko chetu kinafika kina cha mita 2 hivi, yaani mtu mzima anafunikwa. Uwezo wa mashine kuchimba hapo haumpi mtu ruhusa ya kushuka. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinadai kuta za mtaro zitegemezwe au zilazwe kwa mteremko zikifika kina cha mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba mtupu, na udongo uliochimbuliwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Kamati imeamua tuzifuate. Hata pungufu ya hapo, mtaro ukionyesha nyufa ukingoni, hashuki mtu.

Nawashukuru dereva wetu, aliyerudi kazini baada ya siku ile na kukubali kunieleza kila alichokifanya bila kuficha, na fundi aliyesema ukweli tusioupenda.

Pendekezo la fremu litapigiwa kura katika ajenda inayofuata. Kwa sasa kijiko kimekaa ghalani juu ya magogo, silinda zimerudishwa ndani zisishike kutu, na midomo ya hosi imezibwa vumbi lisiingie. Pini zake za kufungia nimezihifadhi kwangu. Nitazitoa siku fremu itakapokuwa imefungwa na fundi ameikagua.