Risala ya kikundi cha madevelopa Mwanza kwa mgeni rasmi, siku ya kuwashukuru viongozi wetu wa kujitolea

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, walezi, wazazi mliojitokeza, ndugu zangu wanakikundi wa hapa Mwanza na nyie mliopanda basi la alfajiri kutoka Geita na Shinyanga, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zetu wote shikamooni.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama. Na wewe mheshimiwa tunakushukuru kwa namna ya pekee, barua yetu ya mwaliko ilikufikia kwa kuchelewa na bado umekuja, tena umekuja mapema ukakuta sisi wenyewe tunapanga viti, ukashika kiti ukatusaidia, hilo tumeliona wote.

Mimi nimetumwa na wenzangu nisome hii risala. Wiki mbili zilizopita tulikaa tukajadili tuseme nini mbele yako, wengine wakasema tuombe kompyuta, wengine mtaji, mwisho tukakubaliana leo tuzungumzie watu wanaoendesha hivi vikundi bila mshahara, kwa sababu hata tukipewa kompyuta ishirini leo na hao watu wakachoka kesho, hizo kompyuta zitakula vumbi kwenye kabati la mtu. Tumeshaona ikitokea.

Kikundi chetu kwa ufupi ni watu tunaojifunza na kufundishana kuandika programu, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Wapo wanafunzi wa chuo, wapo walioishia kidato cha nne, yupo mwalimu wa hesabu, yupo fundi simu wa pale Makoroboi, yupo na baba mmoja mstaafu ambaye anawahi kufika kuliko sisi wote. Ada hakuna. Anayejua kidogo anamwelekeza asiyejua, basi.

Sasa mheshimiwa naomba nimzungumzie mwenyekiti wetu, jina silitaji maana ameniomba mwenyewe. Huyu dada ana kibanda cha stesheneri, anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti. Jumamosi ndio siku ya wateja lakini ikifika saa saba anafunga anabeba begi lake anakuja. Ndani ya lile begi kuna ekstensheni ya mita tano iliyozungushiwa solotepu nyeusi sehemu mbili, kuna chaja mbili za laptopu za kuazimisha, makapeni, karatasi zilizochapwa vibaya upande mmoja ili sisi tuandikie upande wa pili, na simu ndogo ya pili ambayo kazi yake ni hotspoti tu. Bando la hiyo simu ananunua yeye. Ni mwaka wa tano huu.

Kuna Jumamosi moja kipindi cha masika umeme ulikatika saa nane na nusu, tulikuwa watu kumi na wanne na laptopu tano, nne zikazima moja baada ya nyingine ikabaki moja ina chaji asilimia ishirini hivi. Mimi nilishafunga begi niondoke. Mwenyekiti akasema tulieni, akachukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita akaigeuza nyuma akaibandika, akamwita binti mmoja aje aeleze shida yake. Huyo binti mama yake anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na alikuwa anamtengenezea mama yake programu ya kuandika magunia yaliyotoka na nani anadaiwa shilingi ngapi, sasa ile programu kila ikijumlisha madeni inaleta hesabu kubwa kuliko ya kwenye daftari. Basi tukaanza kuifuata mstari kwa mstari kwenye kalenda, mmoja anasoma, mwingine anaandika namba kwa makapeni, yule baba mstaafu yeye ndio akawa kompyuta, anajumlisha kwa sauti. Tulipofika mzunguko wa pili akasema, mbona huyu mteja wa kwanza mmeshamtaja? Ndipo tukaona. Programu ilikuwa inamsoma mteja wa kwanza mara mbili. Tukawasha ile laptopu ya mwisho, binti akarekebisha mstari mmoja, namba ikawa sawasawa na daftari la mama. Watu walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Mama yake mpaka leo anaitumia ile programu. Na binti sasa hivi ndiye anafundisha wanaoanza.

Lakini huyu binti mheshimiwa tulikaribia kumpoteza. Kuna kipindi aliacha kuja mwezi mzima, kwenye grupu hajibu, sisi tukaona labda kachoka. Mwenyekiti akaenda nyumbani kwao. Kumbe baba alikuwa hajaelewa binti anaenda wapi kila Jumamosi hadi jioni, na mzazi yeyote angeuliza. Mwenyekiti akakaa, akanywa chai, akaeleza, akamwonyesha mzee ile programu ya dagaa kwenye simu, akamwambia baba karibu Jumamosi uje uone mwenyewe. Mzee akaja kweli, akakaa nyuma saa mbili nzima. Wiki iliyofuata binti akarudi. Kazi kama hii huwezi kuiona kwenye picha, haina cheti, na kusema ukweli ndio kazi kubwa kuliko kufundisha Python, ile lugha ya kuandikia programu, maana Python ipo kwenye intaneti bure, yeyote mwenye bando anaipata.

Mheshimiwa, haya mambo hayajaanza kwetu. Machi 1975 kule Menlo Park, California, watu kama thelathini hivi wanaopenda kompyuta walikutana kwenye gereji ya mmoja wao, Gordon French, wakajiita Homebrew Computer Club, na siku ya kwanza pale alikuwepo Steve Wozniak ambaye mwaka uliofuata alikuja na kompyuta ya kwanza ya Apple kuwaonyesha wenzake wa hicho hicho kikundi. Gereji ya mtu. Kuna aliyetoa gereji, kuna aliyepanga viti.

Na hapa kwetu pia wapo waliotangulia. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, enzi hizo mkongo wa baharini, yaani waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, bado haujafika kwetu, intaneti ilikuwa ya setelaiti, ghali na ya kusuasua. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, na mwaka uliofuata Nairobi wakawa na iHub, sehemu ya watu wa teknolojia kukutana, wakina dada wakaanzisha AkiraChix ya kufundisha wasichana teknolojia, na baadaye Dar ikaja Buni Hub pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Sayansi. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaa ya Dar wakaingia kwenye Ramani Huria, wanatembea na simu kwenye mitaro na vichochoro wanachora ramani ya maeneo yanayojaa maji, inaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, yeyote anaitumia bure. Mimi nikisoma hizi habari swali langu huwa ni moja, nani alikuwa anawapigia watu simu asubuhi kuwakumbusha waje?

Wawili wetu walibahatika kwenda Zanzibar Novemba 2023 kwenye DjangoCon Africa, mkutano wa wanaotumia Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, ya kwanza kufanyika barani kwetu (Agosti 2025 ikaja Arusha, hapo tulienda wengi zaidi kwa sababu nauli ilikuwa inabebeka). Walichorudi wanasimulia siku nzima ni kwamba ule mkutano mkubwa vile, wenye wageni kutoka nchi nyingi, uliandaliwa na watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine. Ni hivyo hivyo kwa Django Girls, iliyoanzishwa mwaka 2014 kule Berlin na wadada wawili wa Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, wakiwafundisha bure wanawake ambao hawajawahi kuandika programu hata moja, leo warsha zake zinafanyika nchi nyingi na kila mji lazima apatikane mtu wa mji ule ule wa kuibeba. Na hata hivi vikundi vya GDG, yaani Google Developer Groups, ambavyo watu wengi wanadhani viongozi wake wameajiriwa na Google, hapana, ni wa kujitolea, hawana mshahara wa Google.

Sasa naomba niseme linalotuuma.

Mwaka juzi taasisi moja, sitaitaja, ilimpigia mwenyekiti wetu kwamba wana wiki ya teknolojia na wanahitaji vijana sitini, awalete, nauli na chakula vitarudishwa. Akahangaika siku tatu. Wengine walikuwa hawana nauli ya kutoka Igoma na Buhongwa, akakopa kwenye kikoba chake akawalipia. Vijana wakaja, wakapigwa picha, picha zikawekwa mitandaoni. Nauli haikurudi. Alipiga simu, aliandika barua, alienda mara mbili akaambiwa mhusika yuko safari. Lile deni la kikoba alilipa kwa miezi saba kwa hela ya kopi na picha za pasipoti, na sisi hatukujua, tulikuja kujua baadaye sana kupitia mtu mwingine. Siku tuliyojua nilijisikia vibaya sana mheshimiwa, maana mimi nilikuwa mmoja wa wale sitini na nilikunywa ile soda nikaondoka.

Mtu wa namna hii akichoka hasemi. Anaanza kuchelewa kujibu, halafu Jumamosi moja anasema anaumwa, halafu kikundi kinakufa taratibu na hakuna anayejua kimekufa lini. Na madhara yanaweza kwenda mbali. Kuna programu inaitwa xz, kazi yake kubana mafaili, iko karibu kwenye kila mfumo wa Linux unaoendesha seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia intaneti, za dunia. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wakawa wanamlalamikia hadharani kwamba anachelewa, akawajibu kuwa ana matatizo ya afya ya akili na kwamba hii kazi hailipwi. Tayari alikuwepo anayejiita Jia Tan, mpole, msaidizi mzuri, akaaminiwa akapewa funguo, yaani ruhusa ya kuibadilisha programu, kumbe anatengeneza mlango wa siri wa kuingilia kwenye kompyuta za watu. Ilikamatwa Machi 2024 kwa sababu mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kama nusu sekunde na hakuridhika mpaka ajue kwa nini. Nusu sekunde! Yote hayo kwa sababu mtu mmoja aliachiwa mzigo peke yake na wanaoutumia wakabaki kulalamika tu.

Kwa upande wetu sisi wanakikundi tumeshaanza kujirekebisha. Kuanzia mwezi ujao hotspoti na bando ni zamu, kila wiki mtu mwingine, majina yameshabandikwa. Mwenyekiti atakuwa na makamu wawili, na kila baada ya mwaka tutachagua upya hata kama tunampenda, ili apumzike, akitaka kurudi atarudi. Na pesa ya mtu haitatumika tena kulipia nauli za wengine, hata akitaka mwenyewe.

Kwako mheshimiwa mgeni rasmi tunaomba haya. Kuna ukumbi mdogo upande wa nyuma wa maktaba ulio chini ya ofisi yako, Jumamosi unafungwa saa sita. Tunaomba tukabidhiwe ufunguo kwa Jumamosi tu, saa nane hadi saa kumi na mbili, tutausafisha wenyewe na umeme tutachangia, kwa sababu mpaka sasa tumeshahama sehemu tano na kila tukihama tunapoteza watu, hasa mabinti, maana mzazi aliyekubali binti aende sehemu fulani akisikia wamehamia kwingine anaanza kuuliza upya. Tunaomba pia ofisi yako ikialika vijana kupitia vikundi, nauli itoke kabla ya siku yenyewe, isipite mfukoni kwa kiongozi. Tungeomba na barua ya utambulisho kwa viongozi wetu, wakienda kwa mtendaji wa kata au shuleni wapokelewe. Misaada ya nje tunaijua na tunaishukuru, ila si ya kutegemea, mwaka 2025 hata Python Software Foundation, taasisi inayosimamia Python, ilisitisha kwa muda ruzuku zake kwa sababu bajeti ilifika kikomo.

Nikimalizia mheshimiwa, tumechanga kitu kidogo kwa ajili ya mwenyekiti wetu na hajui, kiko kwenye huu mfuko wa kaki. Ni ekstensheni mpya ya mita kumi, ina swichi na fyuzi. Tunaomba umkabidhi wewe kwa mikono yako, na ile ya zamani yenye solotepu atupatie sisi tuiweke.

Karibu sana mheshimiwa, naomba kuwasilisha.

Katibu msaidizi, kwa niaba ya wanakikundi