Barua ya wazi kwa vijana wa utafiti wa mapafu, Mwanza

Wanangu madaktari na watafiti mnaoanza kazi ya vifua hapa Kanda ya Ziwa,

Hamjambo. Nimestaafu, lakini masikio bado yapo, na kila nikipita hospitali ya Bugando nasikia kilio kilekile: hatuna mashine, hatuna ufadhili. Fedha ziombeni bila haya, ni haki yenu. Ila swali la utafiti haliletwi na mashine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Afrika Mashariki kwa kushirikiana na Waingereza zilijaribu kutibu kifua kikuu kwa miezi 6 badala ya 18, na kwa dawa ya rifampisini ikawezekana. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wake wa taifa, daktari mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo akiwa mshauri. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejista ya wilaya na kufuatiliwa hadi ijulikane amepona, amefariki au ametoroka dawa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza utaratibu huo kwa jina la DOTS, yaani mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi. Vifaa vyake vikuu vilikuwa hadubini na daftari.

Sasa fungueni rejista ya kliniki yenu. Safu ya kazi ya mgonjwa imeandikwa nini? “Mkulima”, ukurasa mzima. Mama anayebanika sangara Kayenze, anayeinamia moshi wa kuni tangu usichana, naye ni “mkulima”. Anakohoa, makohozi hayana vimelea, anapewa dawa za TB, anamaliza, anarudi akihema vilevile. Kwa kuwa havuti sigara, hakuna anayefikiria kuwa njia zake za hewa zimeziba. Na kijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Geita, anayefanya kazi bila barakoa? Vumbi la silika, litokalo kwenye mawe hayo, huharibu mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu. Mngeuliza “unafanya kazi gani, tangu lini, moshi au vumbi gani?”, mngekuwa na maswali ya utafiti ya miaka kumi.

Halafu jifunzeni kupima kwa mkono wenu, msimwachie fundi. Kwenye spairomita, kifaa cha kupima pumzi, nimeona mambo: mgonjwa anapuliza kwa mashavu, midomo haijabana, mchoro umevunjika katikati, na namba inaandikwa hivyohivyo. Takeni mapulizo matatu safi, mpeni salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, subirini dakika 15, mrudie. Uwiano wa hewa anayoitoa sekunde ya kwanza kwa hewa yote anayoipuliza ukibaki chini ya 0.70, njia za hewa zimeziba, hapo mna la kusema. (Anayeshukiwa TB apimwe makohozi kwanza, msiwapulizishe watu maradhi chumbani.) Na Kisukuma cha kumhimiza bibi asikate pumzi njiani kinafaa kuliko takwimu nyingi mnazojivunia.

Takwimu nazo mzisome. Zipo kozi za MECOR za mbinu za utafiti, zinazoendeshwa Afrika na Pan African Thoracic Society, chama cha wataalamu wa mapafu barani. Ombeni nafasi, mkikataliwa ombeni tena. Mkiandika makala, muuguzi aliyekusanya data mwaka mzima jina lake liwepo. Hili sibishani na mtu.

Matokeo yakitoka, yapelekeni mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kabla ya mkutano wa Ulaya. Kina mama watawauliza: tubadilishe jiko, tuweke dohani, au tufanyeje? Asiye na jibu aende na mtu wa idara ya uvuvi, na aende asubuhi, kabla majiko hayajawashwa.