Waacheni vijana, ulizeni ufunguo wa maabara uko wapi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka na mikaka bila kuwaandikia, maana nilidhani ukurasa huu ni wa watu wenye nafasi. Lakini ile habari yenu ya wiki jana, ya wahitimu wa kompyuta wanaotoka vyuo vikuu bila kujua kuandika hata programu ya kujumlisha, imenishinda kumeza. Mwandishi wenu alimhoji mwajiri, akamhoji mhadhiri, akamalizia na mtaalamu wa Nairobi. Mwanafunzi hakupewa hata salamu. Kisha hukumu ikatoka: vijana ni wavivu, simu zimewaharibu.

Mimi nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Hao wavivu ndio wateja wangu wa jioni. Maabara ya chuo chao ikishafungwa saa kumi na moja, huja kwangu watatu kwa mashine moja ili wachange bei: mmoja anachapa, wa pili anamsomea kutoka daftarini, wa tatu anachunga saa isipite pesa waliyonayo. Wengine hata ya kuchanga hawana, basi wanaandika programu kwenye simu, kidole gumba kikihangaika kutafuta mabano yaliyofichwa upande wa pili wa kibodi. Hizo ndizo simu zilizowaharibu.

Acheni niwape kisa kimoja tu. Kijana wa mwaka wa pili aliniletea karatasi ya jaribio iliyokwisha kusahihishwa. Swali lilitaka programu ya lugha ya C inayopokea alama za wanafunzi kumi na kutoa wastani. Waliiandika kwa kalamu, kwenye fulskepu, ukumbini, kompyuta hata moja haikuwa karibu. Kijana alisahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari, akapunguziwa alama, na kando yake wino mwekundu ukamwarifu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi. Tukaichapa vilevile ilivyo. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya C yawe kitu mashine inaweza kukiendesha, ikalalamika na kutaja mstari, kijana akatia nukta-mkato yake, na wastani ukatoka sawasawa kabla sijamaliza kumhudumia mteja wa fotokopi. Nikamwambia, haya, sasa tuchape mfano wa mhadhiri mwenyewe, ule ulio kwenye noti wanazouziwa. Ukagoma mstari wa pili! Noti zinaita faili la conio.h, na mashine zangu zinatumia Linux, mfumo endeshi wa bure, ambao hauna kitu kama hicho. Hilo ni faili la kompaila za enzi ya DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, kama ile Turbo C ya kampuni ya Borland iliyotoka 1987. Na mwaka huohuo wa 1987 ndipo ilipotoka GCC, kompaila ya bure kabisa ambayo watu hawajaacha kuiboresha hadi leo, kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwa bajeti. Ilinibidi nipakue DOSBox, programu ya kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya, ili noti za chuo kikuu za muhula huu zikubali kuzungumza na mtu. Yule mhadhiri, nani atampunguzia alama?

Na nisieleweke vibaya, C yenyewe sina ugomvi nayo. Dennis Ritchie aliiunda mapema miaka ya 1970 na mpaka sasa kiini cha Linux kimeandikwa kwa hiyo. Ugomvi wangu ni na wanaofikiri programu inasomwa kwa kuimba. Mtu huandika, mashine inakataa, anarekebisha, inakataa tena kwa sababu nyingine, na hapo katikati ndipo anapojifunza. Hakuna fundi wa jua kali hapa Kibuye anayemfundisha mwanagenzi kuchomelea kwa kumchorea moto ubaoni. Lakini chuo kikuu kinaweza, na kinatoza ada ya maabara kila muhula, imeandikwa wazi kwenye orodha ya karo baada ya ada ya matibabu. Maabara yenyewe ina mlango wa chuma na ufunguo unaokaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo akienda matanga, somo la vitendo limekwenda matanga pia. Siku mlango unapofunguliwa, mashine zingine zimekwisha kung'olewa kumbukumbu zake, na zinazowaka zinagombaniwa. Stima ikipotea, mhadhiri anasema mengine mtajisomea. Mwaka 2022 serikali ilijisifu kuidhinisha mtaala wa kuwafundisha watoto wa shule za msingi na upili kuandika programu. Watafundishwa na nani, kama si hawa waliofundishwa kwa fulskepu?

Na kwa kuwa nimeshaanza, hayo mafunzo ya nyanjani nayo ni aibu. Mpwa wangu alipangiwa ofisi moja ya umma mjini hapa. Chuo kilimtaka alipe bima kwanza, nauli na chakula vikawa juu ya mamake. Kazi aliyopewa ilikuwa kupanga mafaili ya karatasi na kwenda kununua mandazi ya saa nne. Kompyuta aliyoruhusiwa kugusa ni ile ya kuchapa barua za likizo. Mhadhiri wa kumkagua alikuja mara moja, akatia sahihi kitabu chake akiwa amesimama, akamuuliza kama kuna choo. Halafu mwajiri yuleyule wa kwenye habari yenu anauliza tajiriba iko wapi!

Dawa ninayo, na haihitaji kamati. Ufunguo wa maabara apewe askari wa usiku. Analipwa tayari, yuko macho (au ndivyo tunavyoambiwa), na jengo analinda yeye. Awekewe daftari la kurasa mia mbili, wanafunzi waandike jina na namba ya usajili, wakae hadi alfajiri wakitaka. Mitihani ya programu ifanyiwe kwenye mashine. Seneti ikikataa, basi wahadhiri nao watutungie programu ya karo kwa kalamu ukumbini, bila kufuta, na msahihishaji awe GCC.

Najua tutaambiwa vipanya vitaibwa usiku. Mimi nina katoni nzima ya vipanya hapa dukani, baadhi vinafanya kazi kabisa, navitoa bure. Mkuu wa kitivo amtume mtu avichukue siku yoyote kabla ya saa mbili usiku, ila aje na risiti zinazoonyesha ile ada ya maabara ilinunua nini.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu