Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuuandike Msitu wa Asili Kabla Trekta Hazijafika

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kutunza msitu, wazee wetu, akina mama wa vitalu na vijana wa doria,

Mwaka huu tulipanda miche michache kuliko ilivyo kawaida yetu, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini. Kamati iliamua nguvu nyingi ziende kwenye kuorodhesha miti ya asili upande wetu wa Msitu wa Kakamega. Naomba niieleze kazi hiyo kwa urefu, na mengine niyapitie haraka.

Mnakumbuka Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018 imeondolewa. Suala hilo lilifika mahakamani, lakini wenye viwanda vya mbao walikuwa wameshaanza kuulizia magogo. Wanachotafuta kwa kibali ni misonobari na saipresi za kupandwa, na hilo hatulipingi. Nyumba zetu zimeezekwa kwa mbao hizo. Shida ni kwamba mashamba hayo yamepakana na msitu wa zamani, na trekta la magogo haliruki. Linahitaji njia.

Ndivyo ilivyotokea kwenye kijito chetu. Kampuni moja iliyokuwa ikivuna saipresi ilifungua njia ndani ya miti ya asili ili kufupisha safari ya kufika barabarani. Vijana wetu walipopeleka orodha ofisi ya msitu, yenye jina la kila mti mkubwa na mahali uliposimama, njia ilihamishwa siku hiyohiyo. Mbele kidogo, mahali ambapo hatukuwa tumeorodhesha, tulibaki na maneno matupu, na mitere mirefu, miti yetu ya asili, ikaanguka. Inaniuma mpaka leo. Ofisa hawezi kutetea kitu ambacho hakipo kwenye karatasi yake.

Wapo wanaosema msitu unaonekana kwa satelaiti, basi inatosha. Haitoshi. Mipera iliyovamia sehemu zilizokatwa zamani ni kijani pia. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, ila misitu ni asilimia 8.83 tu. Katiba, kifungu cha 69, inadai miti ifunike angalau asilimia 10. Mtu anaweza kufyeka msitu wa asili, akapanda mikaratusi, na hesabu ya miti isitetereke. Aliyepoteza ni ndege, mto na sisi.

Kwa hiyo tulijiuliza maswali ambayo wataalamu wa misitu wamekuwa wakiyatumia tangu FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, lilipoyaweka kwenye kanuni zake mwaka 1999. Je, hapa kuna viumbe adimu? Je, eneo hili linalinda maji? Je, watu wanapata hapa dawa, chakula au mahali pa ibada na jando, kama majirani zetu Watiriki wanavyotunza vichaka vyao vya jando? Kakamega ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Kwenye kipande cha msitu cha Kisere kuna tumbili wa De Brazza. Kwenye vilele vya miti mikubwa kuna Turner's eremomela, ndege mdogo aliye hatarini, ambaye idadi yake kubwa zaidi inayojulikana iko kwenye msitu jirani wa Nandi Kusini. Mti wa mwiritsa (Prunus africana), ambao magome yake yanauzwa nje kutengenezea dawa ya tezi dume, biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu 1995. Nao mto Isiukhu hauhitaji kuelezwa kwa yeyote anayechota humo.

Shukrani zangu za dhati ziende kwa wazee wa mitishamba. Vijana walikuja na simu zenye ramani, wazee wakaja na majina, na bila majina ramani ingekuwa nukta tupu. Mzee mmoja alitambua mti kwa kunusa gome tu, tulipokuwa tumekwishauandika kimakosa.

Kwa ufupi: doria ziliendelea, ila mvua ndefu zilitukwamisha. Vitalu viko salama, na kuanzia msimu ujao vitatoa zaidi miche ya asili. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Leo naomba mpitishe mambo mawili. Kwanza, orodha yetu iingizwe kwenye mpango wa usimamizi wa msitu tunaouandaa pamoja na KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya, maana Sheria ya Misitu ya 2016 inaipa jamii nafasi hiyo. Pili, kabla ya kibali chochote cha kuvuna upande wetu kuanza kutumika, njia za trekta zichorwe huku wawakilishi wetu wakiwepo. Bado ukanda wa juu ya kijito haujaorodheshwa, na ndio ulio karibu zaidi na saipresi zilizokomaa. Wanaotaka kushiriki waandikishe majina kwa katibu kabla hatujaondoka hapa.