Mazoezi yawafuate wananchi mitaani, wazee na watoto wasiachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu ualimu, nalo ni namna mazoezi ya pamoja yanavyoendeshwa katika jiji letu la Dodoma.

Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, aliwataka wananchi waitumie Jumamosi ya pili ya kila mwezi kufanya mazoezi, ili kupunguza magonjwa yasiyoambukiza kama vile kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wito ule ulipokelewa vizuri. Vikundi vya jogging vimeongezeka, na mwishoni mwa wiki, kabla jua halijachomoza, utawakuta vijana wenye fulana za rangi moja wakikimbia kwa nyimbo na makofi. Nawapongeza kwa dhati.

Ninachokiona kuwa pungufu ni kwamba shughuli hizi zinamfaa zaidi mtu mwenye magoti imara, nauli mfukoni na fedha ya kununua fulana. Bibi anayeishi Nkuhungu au Nzuguni hawezi kutafuta bajaji saa kumi na moja alfajiri ili afike katikati ya mji, anyooshe viungo kwa nusu saa, kisha ahangaike tena na usafiri wa kurudi. Na hata akifika, hakuna aliyeandaa zoezi linalolingana na umri wake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020 unashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa wenye miaka 65 na zaidi unaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli na kuulinda mwili usiyumbe, angalau siku tatu kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Hapo kwenye kuanguka ndipo ninapoguswa zaidi. Jirani yangu, mama aliyekuwa akilima shamba lake la uwele kwa mikono yake mwenyewe, aliteleza uani akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo dunia yake imekuwa kitanda na kiti cha barazani. Mazoezi ambayo pengine yangemwepusha na ajali ile hayana gharama: kuinuka kitini bila kujishikiza, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, na kutembea polepole kisigino kikifuata vidole vya mguu mwingine. Mtaalamu mmoja kutoka hospitalini akija mtaani na kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii, wao wanaweza kuendelea na wazee wao wiki baada ya wiki, kwa kuwa wanawafahamu na wanajua nani ana presha na nani ameshauriwa asiiname.

Tena hatuna haja ya kuazima kila kitu. Wanawake wa Kigogo wana muheme, ngoma inayobanwa mapajani na kupigwa kwa mikono miwili huku mwili mzima ukifanya kazi. Nimewahi kuwaona kina mama wa makamo wakiipiga hadi jasho likawatiririka, na hakuna aliyehitaji kubembelezwa aendelee. Kikundi cha wazee kikikutana kwa ngoma wanayoijua, naamini watahudhuria kwa hiari kuliko wakiitwa kufuata muziki wa spika ambao hawauelewi.

Kwa upande wa watoto, naomba walimu wenzangu wanivumilie. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, lakini mitihani inapokaribia ndicho huwa cha kwanza kugeuzwa kuwa masomo ya ziada. UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, ni mazuri, ila huchukua wachache wenye vipaji, na wale wengine, wakiwemo wanene na wenye ulemavu, hubaki kuwa watazamaji.

Yote haya yanahitaji mahali pa kufanyia, na hapo ndipo penye hofu yangu kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili, na tangu Serikali ilipohamia hapa ujenzi haujapumzika. Katika mtaa wetu eneo la wazi ambalo watoto walichezea mpira kwa miaka mingi limezungushiwa ukuta, na tulipouliza hatukupata jibu la kueleweka. Sasa limebaki eneo moja tu, dogo, lenye mwarobaini mmoja, na tayari kuna mawe na mchanga vimemwagwa pembeni yake.

Kwa hiyo naiomba halmashauri ya jiji ibandike katika kila ofisi ya mtaa orodha ya maeneo ya wazi yaliyomo kwenye ramani, iyawekee mipaka inayoonekana, na iwaruhusu wenyeviti wa mitaa kupanga humo saa za mazoezi za kila wiki, asubuhi kwa wazee kabla jua halijawa kali, na jioni kwa watoto. Kwa eneo letu la mwarobaini ninaomba hatua hiyo ichukuliwe mapema, kabla mawe yale hayajawa msingi wa nyumba. Wazee kumi na wawili tumekwisha kujiandikisha, na tuko tayari kuanza.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma