Barua ya wazi kwa Karani wa Mji: tupe Jumamosi moja, ile ile

Mheshimiwa Karani wa Mji,

Sijaandika jina la mji juu ya barua hii, na jina lako pia nimeliacha. Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, miji si mingi. Ukifika katikati utajua ukumbi ninaousema ni upi, na mlinzi wake utamjua hata kwa kikohozi.

Ninaandika kwa Kiswahili nikijua kwamba mafaili ya ofisi yako yote ni ya Kiingereza. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sababu yangu hasa ni kwamba ndiyo lugha ya klabu yetu ya watumiaji wa kompyuta. Tuna Walugbara, Waalur, Wakakwa, Wanubi, wachuuzi wenye ndugu upande wa Kongo, na vijana waliokimbia Sudan Kusini. Tukizungumza Kiingereza nusu yao hukaa kimya wakitazama viatu. Tukirudi kwenye Kiswahili, hata Hajati wetu mshonaji, mwenye miaka sitini na mitatu, husimama kubishana kwamba "folda" si neno la watu wazima, tuseme "kabrasha". Ubishi huo ulishaanza zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice, na Hajati anaamini wale wangekuwa upande wake.

Mimi ni katibu wa klabu hiyo. Mchana natengeneza simu karibu na paki ya teksi. Ukatibu hauna mshahara. Mwenyekiti hana mshahara. Kijana mwenye projekta huibeba mgongoni juu ya boda boda, nauli yake mwenyewe, na tukimaliza anairudisha nyumbani ikiwa imefungwa ndani ya kitenge cha mama yake ili vumbi lisiingie.

Ombi letu ni moja. Utupe ukumbi wa mji Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa barua moja ya mwaka mzima. Pesa hatuombi. Ada tutalipa, nitaieleza mbele. Tunachoomba ni siku isiyohama.

Huenda ukajiuliza kwa nini mtu aandike barua ya wazi kwa ajili ya siku. Naomba nikusimulie Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 2025.

Tulipanga siku ya kufufua kompyuta, na tarehe tulikuwa na sababu nayo. Jumamosi ya tatu ya Septemba ni Siku ya Uhuru wa Programu, siku ya programu ambazo kila mtu ana uhuru wa kuzitumia na kuzigawa, ambayo watu wa klabu kama yetu wameiadhimisha duniani tangu 2004. Isitoshe, tarehe 14 Oktoba Microsoft ilikuwa inamaliza usaidizi wa Windows 10, na kompyuta za mji huu, Mheshimiwa, karibu zote ni mtumba. Zilitumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kushushwa hapa dukani. Windows 11 inazikataa kwa sababu prosesa zake ni za zamani au hazina ile chipu ya usalama inayotakiwa. Mashine yenyewe si mbovu. Ukiiwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usiolipiwa, inaamka na kufanya kazi tena, na mwenyewe hajatoa hata shilingi.

Lakini mfumo wenyewe, tuseme Linux Mint, ni faili la karibu gigabaiti 3. Nani wa kulipakua kwa bando, na bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021? Kwa hiyo mmoja wetu analipakua usiku, mara moja tu, linaingizwa kwenye flashi sita, na flashi zinapita mkono kwa mkono. Kazi ya namna hii huwezi kuifanyia kwenye kikundi cha WhatsApp. Lazima watu wakae chumba kimoja, chenye meza na umeme, na mmoja anayejua awe nyuma ya bega la asiyejua.

Barua ya kuomba ukumbi niliileta tarehe 1 Septemba. Dirishani niliambiwa nilete kwanza muhuri wa polisi. Polisi wakasema niende ofisi ya usalama ya wilaya. Ofisi ya usalama wakasema tuonyeshe kwanza barua ya ukumbi. Nilizunguka hiyo duara mara mbili, nikaizoea mpaka mwenye boda boda akaacha kuniuliza naenda wapi. Kibali kikatoka Ijumaa tarehe 19, saa kumi na moja jioni.

Kilitoka, na nakushukuru. Ila tazama hiyo saa. Sisi hatuna pesa ya tangazo la redio. Habari zetu hupita njia mbili: msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na kanisani Jumapili baada ya ibada. Imamu alishamaliza matangazo tangu saa nane. Mchungaji angetangaza Jumapili, mkutano ukiwa umepita jana yake. Mkutano wetu ulianguka shimoni kati ya matangazo mawili. Kila kibali kinachotoka kimoja kimoja, kwa mkutano mmoja mmoja, kitaanguka humo humo. Siku ikijulikana kwamba ni Jumamosi ya pili, hatuhitaji hata kutangaza. Mtu anahesabu mwenyewe.

Tulifika ukumbini saa saba na nusu. Viti vilikuwa vimevishwa riboni za rangi ya machungwa. Kamati ya harusi ilikuwa ndani, na wao pia walikuwa na karatasi. Mlinzi alitazama muhuri wangu, akatazama wao, akasema kwa upole, "Dada, stempu ziko mbili, ukumbi uko mmoja." Sikumlaumu, na wale wa harusi pia sikuwalaumu, walitupa soda.

Tukahamia chini ya mwembe ulio mbele ya kinyozi. Kinyozi alitupa soketi moja. Tukavuta ekstensheni kuvuka barabara ya murram, boda boda zikapita juu yake mpaka ganda likachanika, tukalifunga kwa utepe mwekundu. Betri za mtumba hazikai hata dakika ishirini, kwa hiyo kila mtu aliutegemea waya ule. Zilikuja kompyuta kumi na moja. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, bawaba yake imekatika, skrini ameifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alitaka kuandika kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari wa mtaani kwake, ambao huwapima bure. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake nikitazama namba: asilimia 80, 84, 87. Hapo umeme ukakatika. Mfumo wa zamani ulishafutwa, mpya haujakamilika. Alifunga mpira wake polepole, akasema atarudi. Hajarudi. Namba yake ya simu ninayo, nimempigia, anasema anashughulika.

Oktoba tulikutana kwenye baraza ya duka, watu wanane. Wawili wageni waliuliza watie sahihi wapi ili wapate transpoti, yaani pesa ya kuhudhuria. Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Watanzania hiyo pesa huiita posho, jambo linalotuchekesha, kwa sababu kwetu posho ni ugali wa mahindi. Watu wetu wamezoeshwa na semina za mashirika kwamba ukikalia kiti lazima ulipwe, na ukiwaambia hakuna kitu wanakutazama kama wewe ndiye uliyezila. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyeacha kibanda chake mchana kutwa amepoteza mauzo. Ila nimeona kwamba mtu akija mara ya tatu haulizi tena. Kufika hiyo mara ya tatu ndiko kugumu, na mkutano unaohama kutoka ukumbi hadi mwembe hadi baraza haumfikishi. Anakuja mara moja, mara ya pili anatukosa, basi.

Ofisa mmoja alitushauri tualike mgeni rasmi, ndipo ukumbi ungepatikana upesi. Tulijaribu mara moja. Tulimngoja kutoka saa nane hadi saa kumi na nusu, tukaimba wimbo wa taifa, tukasikiliza hotuba, na jua likawa limeshuka. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alipomaliza alinivuta pembeni akaniuliza jinsi ya kurudisha nywila ya Gmail, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee ya klabu iliyofanyika siku ile.

Sasa suala la vitambulisho. Dirishani wanataka tuambatanishe kopi ya kitambulisho cha kila atakayehudhuria, pamoja na namba ya simu. Naomba ulifikirie hili ukiwa umekaa. Somo linalojaza watu kuliko yote kwetu ni lile la kujilinda na matapeli wa mobail mani, na sentensi yake ya kwanza ni: usimpe mtu picha ya kitambulisho chako bila sababu. Halafu mlangoni nisimame mimi, katibu, nizikusanye? Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka zikusanywe taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi inayofanyika. Kukaa kwenye kiti cha plastiki hakuhitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Tena wale vijana wa Sudan Kusini wana kadi za wakimbizi, si vitambulisho vya taifa. Mmoja alirudishwa nyumbani na hiyo kanuni. Alikuwa ndiye fundi wetu bora wa kutenganisha kibodi.

Kuhusu polisi pia nimesoma, maana katibu asiyesoma hupigwa danadana. Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013, ilivyotungwa, ilitaka mwandalizi wa mkutano wa hadhara awape polisi taarifa siku 3 hadi 15 kabla. Lakini kifungu chake cha nne kiliitoa mikutano ya elimu, dini, utamaduni na biashara katika maana ya "mkutano wa hadhara". Kufundishana kuchapa barua ni elimu. Hata hivyo sina ugomvi na polisi. Nitawapelekea nakala ya ratiba ya mwaka, na ofisa yeyote anayetaka kujifunza Excel akaribie, tuna wawili tayari.

Ada. Ukumbi ni shilingi 50,000 kwa nusu siku. Wanachama wanatoa 1,000 kila mmoja, na wakifika ishirini tumejitahidi. Tunaweza kulipa 20,000 kila mwezi, kwa risiti, bila kuchelewa. Iliyobaki tutailipa kwa kazi: printa ya chumba chenu cha mapato, ile inayomeza karatasi, nimeiona mara tatu nikiwa nangoja kwenye benchi, na nadhani ni rola tu. Tutakuja wawili na bisibisi. Tutafagia ukumbi kabla na baada. Ikitokea harusi au msiba mzito Jumamosi ya pili, tuambiwe kabla ya Alhamisi saa sita, ili Imamu aambiwe naye.

Nitapita ofisini Jumanne saa tatu asubuhi. Nitakaa kwenye benchi lile lile. Sihitaji kuonana nawe kama una wageni. Jibu la mstari mmoja juu ya nakala ya barua hii latosha.

Na hata jibu likiwa hapana, ekstensheni yetu imebaki stoo ya ukumbi tangu ile siku, mlinzi alituhifadhia. Ni nyeusi, ina soketi nne, na katikati ya waya kuna utepe mwekundu. Naomba mlinzi afunguliwe stoo atupe.

Wako mtiifu,
Katibu wa klabu