Vifungo vya Shati

Rafiki yangu wa kufa kuzikana,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale unapouliza, "Wewe ulikuzwaje hadi ukawa hivi?" Nilicheka kwanza. Hivi vipi? Kiuno kinauma, mkono wa kushoto haujanitii tangu nizaliwe, na nikichoka hata kukutukana siwezi, maneno yananasa mdomoni. Lakini unachouliza nakijua. Mwanao ana miaka minne, daktari amesema ni mtindio wa ubongo kama wangu, lile jeraha la ubongo linalovuruga misuli, na wewe usingizi umekuhama.

Sitakufariji, wafariji unao wengi. Nitakueleza habari za vifungo.

Nilipokuwa na miaka sita, mama alinivalisha shati, akaniachia vifungo, kisha akakaa pembeni kusubiri. Vifungo sita, nusu saa nzima. Ilibidi aniamshe gizani ili nisichelewe shule. Mama mdogo akija kututembelea hakuweza kutazama. Alinirukia, chap chap, shati limefungwa, huku machozi yanamlengalenga. Watu wote walimwona yeye ndiye mwenye huruma. Mama nilimwona katili, tena nilimwambia.

Sasa nina umri wa kujua kwamba aliyekuwa akiumia zaidi asubuhi zile ni yule aliyekaa amefumbata mikono yake. Jaribu kumtazama mtoto akikosa tundu la kifungo mara kumi na usinyanyuke. Utaona.

Halafu kulikuwa na wale wanaonisimamia mbele na kumuuliza mama: "Anaitwa nani huyu? Anaumwa nini?" Mama aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu, na viatu vyenyewe saa nyingine havikuwa na kamba. Yule mtu akabaki ananitazama mimi. Nikajibu kwa taabu. Asiponielewa nilirudia. Nikishindwa kabisa, mama alinifasiria, lakini alifasiri nilichosema, si alichodhani nilitaka kusema. Hapo pashike sana, rafiki yangu, maana mwanao akichelewa kusema utajikuta unamjazia maneno, na atakuachia useme yote maisha yake yote.

Lakini usije ukaenda kumtesa mtoto na vifungo kwa sababu yangu. Mambo yaligeuka nilipofika chuoni. Niliendelea na ubishi wa mama: kila kitu mwenyewe. Nikawa naingia darasani mikono inatetemeka, misuli imekakamaa, kalamu hainishikiki. Nguvu zote zimeishia kwenye shati.

Ndipo nikasoma habari za Ed Roberts, Mmarekani aliyeugua polio akiwa na miaka 14 ikampooza kuanzia shingoni. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Huyo hakufunga hata kifungo kimoja! Walikuwapo watu wa kumvalisha na kumlisha, yeye akiwaelekeza. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifungua kituo cha watu wenye ulemavu, na kujitegemea kwao kulikuwa na maana moja: wewe ndiye unayeamua usaidiwe nini, na nani, saa ngapi. Wazo hilo leo limo hata katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 19, inayotaja msaidizi binafsi na haki ya mtu kuchagua aishi wapi na nani.

Basi nikatafuta kijana wa kunifunga vifungo asubuhi. Mama alininunia wiki nzima. Nikamwambia, "Mama, vifungo naviweza. Nimeamua tu nguvu zangu nizipeleke kwenye mtihani." Alinyamaza, kisha akasema kijana mwenyewe anafunga vibaya.

Umeniuliza pia habari ya kitimwendo, kiti cha magurudumu. Mimi cha kwanza nilipewa kikubwa, eti nitakua nacho. Miguu ikaning'inia, nikawa naegemea upande mmoja ili nisianguke, na uti wa mgongo ukafuata huko nilikoegemea. Kitimwendo si sare ya shule. Kinapimwa: upana wa nyonga, urefu wa paja, mahali miguu inapokanyaga. Na kipimwe upya kila anapokua.

Jambo jingine hawatakwambia mapema. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini mwili unaolibeba unazeeka, na unazeeka kwa haraka kuliko wa wenzake: viungo, maumivu, uchovu. Mimi nilipotimiza miaka 18 kliniki ya watoto ilinipungia mkono wa kwaheri, na huko kwa watu wazima daktari wa kwanza aliniuliza kama mtindio huwa hauishi utotoni. Nilimaliza mwaka bila mtu wa mazoezi ya viungo, na goti la kulia halijarudi lilivyokuwa. Kwa hiyo anza kuweka daftari lake sasa hivi, dawa zote, vipimo vyote. Akifika miaka kumi na miwili mfundishe kulisoma na kujieleza mwenyewe kwa daktari, wewe ukiwa umekaa nyuma.

Kamba za kiatu unazo, natumaini.

Mama anakusalimu. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Juzi alikuwa anapambana na sweta, nikanyoosha mkono, akanitazama lile jicho lake. Nikaurudisha.

Kiti usikinunue kabla hujanijibu.

Wako yuleyule.